Amana ya mpangaji ni ng'ombe wa watu



Leo naomba niongelee jambo ambalo huenda hukutarajia kulisoma Jumapili asubuhi: fedha ile ambayo mpangaji humwachia mwenye nyumba siku anapokabidhiwa ufunguo. Wengine huiita amana, wengine dhamana, wengine dipoziti. Kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, wakati mwingine miwili, juu ya ile kodi ya miezi sita au mwaka mzima tuliyoizoea, na juu ya ile ya dalali ambayo hairudi kamwe. Makubaliano yenyewe ni mepesi. Ukiondoka, ukaiacha nyumba kama ulivyoikuta, unarudishiwa fedha yako. Kuingia kwake hakuna shida. Kutoka ndiko kwenye maneno.

Tunapojiandaa kwa kitubio huwa tunasaidiwa na maswali ya kutafiti dhamiri. Humo utakuta wizi, utakuta mshahara wa kibarua uliocheleweshwa, utakuta mizani ya dukani. Amana ya mpangaji sijawahi kuiona humo. Nadhani ni kwa sababu aliyeishika haoni kama ameiba. Hakuvunja mlango wa mtu. Fedha ililetwa kwake kwa hiari, ikahesabiwa mezani kwa tabasamu. Miaka miwili ikapita, fedha ikaingia kwenye mbegu, kwenye ada, kwenye saruji, na siku mpangaji anapoiulizia anaonekana kama mtu anayeomba msaada.

Huku kwetu Mbulu na Hanang mpangaji mara nyingi ni mtumishi: mwalimu, muuguzi, askari, ofisa ugani. Ameletwa na barua, na barua nyingine itamwondoa. Mwenye nyumba ni mwenyeji, na huenda ni mwenyekiti wa jumuiya au mjumbe wa halmashauri ya walei. Mpangaji akiondoka, anaondoka kweli. Jumamosi gari imepakia vitanda na masufuria, Jumatatu anatakiwa kuripoti kituo kipya. Hana siku ya kukaa barazani kudai. Mwenye nyumba analijua hilo. "Nenda tu mwalimu, nitakutumia kwenye simu." Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi hata nimeanza kuiogopa.

Ajabu ni kwamba watu wa huku hawahitaji padre wa kuwafundisha maana ya amana. Wairaqw na Wadatoga wamekuwa wakiwekeana ng'ombe tangu enzi za mababu. Mzee mwenye mifugo mingi humpelekea rafiki au ndugu ng'ombe wachache awatunze. Anayewatunza hunywa maziwa na kupata samadi ya shamba, na hilo si jambo dogo. Lakini ng'ombe si wake. Mwenyewe akija baada ya miaka mitano, hathubutu mtu kumwambia, "Nilishamla, pitia mwezi ujao." Na ng'ombe akifa, mtunzaji mwenye akili hamwendei mwenyewe na maneno matupu. Anamwonyesha ngozi.

Sasa nitafutie tofauti kati ya ng'ombe huyo na shilingi laki moja ya mwalimu. Mimi sijaiona. Umekaa na fedha yake, na kama uliizungusha ikakupatia faida kidogo, basi umekunywa maziwa, hakuna anayekulaumu. Lakini ukisema kitasa kimevunjika ukakata elfu ishirini, ngozi yake iko wapi? Kitasa chenyewe kiko wapi, na risiti ya dukani, na fundi aliyefunga kipya?

Torati iliyajua mambo haya. Soma Kumbukumbu la Torati 24, kuanzia aya ya 10. Aliyemkopesha mwenzake anakatazwa kuingia nyumbani kwa mdaiwa kujichagulia rehani. Asimame nje, mdaiwa mwenyewe amtolee. Na kama mdaiwa ni maskini, na alichoweka rehani ni vazi lake la kujifunika, arudishiwe kabla jua halijatua. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinalisema hilohilo na kinaongeza sababu kwa njia ya swali: mtu huyu atalala na nini? Sababu hiyo haigusi kabisa hesabu ya deni. Mungu anaulizia usiku wa mtu yule.

Tena angalia kwamba mtu yule alikuwa anadaiwa kweli. Alikopa, hajalipa, rehani ilikuwa halali. Hata hivyo Mungu anataka vazi lirudi jioni. Mpangaji wako hadaiwi. Kodi amelipa, ufunguo amerudisha, uani amefagia. Kama vazi la mdaiwa lilipaswa kurudi jua likitua, la huyu asiyedaiwa lirudi lini?

Na kwa mpangaji swali la kulala si mfano tu. Amana ya nyumba anayotoka ndiyo amana ya nyumba anayokwenda. Hiyohiyo. Wengi hawana nyingine. Ukiizuia huku, unamfungia mlango kule, hata kama hujawahi kufika huko aendako.

Mwaka 1960, karibu na Yavne-Yam, katika pwani ya Israeli ya leo, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kipande cha chungu kilichoandikwa kwa wino, kwa Kiebrania. Ni cha karne ya 7 kabla ya Kristo, na wataalamu wengi hukiweka wakati wa mfalme Yosia. Tulipokuwa seminarini mwalimu wetu wa Agano la Kale alikigusia kwa dakika tano tu, kisha akaendelea na mambo mengine, nami sijakisahau. Ni barua ya malalamiko ya mvunaji kwa mkuu wake. Anasema alivuna, akamaliza kazi, akaweka nafaka ghalani kama kila siku. Ndipo akaja mtu aitwaye Hoshayahu akamchukulia vazi lake. Wenzake waliovuna naye kwenye jua lile wako tayari kumtolea ushahidi kwamba hana kosa. Anaomba vazi lake lirudi, na hata kama mkuu haoni kwamba ni wajibu wake, basi amhurumie.

Hatajwi kwa jina yule mvunaji. Jina lililobaki kwa miaka 2,600 ni la mwenye kushika vazi.

Naandika haya, ndugu msomaji, nikiwa nimewahi kukaa upande wa Hoshayahu. Miaka kumi na zaidi iliyopita nilikuwa paroko wa parokia moja yenye vyumba vya kupangisha kando ya barabara. Muuguzi mmoja, mama mwenye mtoto mdogo, alikuwa amekaa kwetu karibu miaka mitatu. Alipopata uhamisho kwenda wilaya ya jirani alikuja ofisini kuulizia amana yake, shilingi elfu themanini. Nilimwita mtunza hazina. Akaniambia fedha zote za amana za wapangaji zilikwisha kuingia kwenye bati za kigango, na kwamba mavuno yakiwa mazuri tutamlipa.

Nilikuwa na njia nyingi. Ningeweza kukopa kwa mtu, kuchukua katika posho yangu, au kuitisha kamati jioni ileile. Badala yake nilimwambia yule mama awe na subira, fedha yake imefanya kazi ya Mungu, na Mungu atamlipa. Akanijibu, "Sawa, Padre." Akachukua mkoba wake akatoka.

Baadaye nilisimuliwa na mtu aliyefanya naye kazi kule alikohamia kwamba kwa wiki mbili za kwanza yeye na mtoto wake walilala kwa mfanyakazi mwenzake, kwenye godoro sebuleni, kwa sababu mwenye chumba alichokipata alitaka kodi ya miezi sita pamoja na amana, naye amana hakuwa nayo. Nyumbani kwetu bati zilikuwa mpya na zinang'aa. Nabii Amosi, sura ya 2, anawakaripia watu wanaojilaza kando ya madhabahu juu ya mavazi waliyoyatwaa rehani. Nilikuwa nimehubiri juu ya aya hiyo si mara moja. Sikuwahi kufikiri kwamba nguo ya rehani inaweza kuwa bati, wala kwamba anayejilaza chini yake anaweza kuwa mimi.

Nitarudi kwa huyu mama. Kwanza tumalize ya nyumba.

Mwenye nyumba ana haki ya kukata, na mpangaji asijidanganye. Kioo kilichovunjwa na mtoto, sinki lililopasuka kwa kuangushiwa mchi, mlango uliotobolewa, hivyo ni vya mpangaji. Lakini nyumba huchakaa kwa kukaliwa, na uchakavu huo ndio ulioulipiwa kodi kila mwezi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inatambua kwamba mpangaji anayerudisha nyumba habebeshwi uchakavu wa kawaida. Chukua mfano wa kwetu: mwezi wa sita na wa saba Mbulu ni baridi, watu huingiza jiko la mkaa ndani ili mtoto aoge. (Ukiliingiza, fungua dirisha, jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linaua.) Miaka mitatu ya baridi hiyo, ukuta wa jikoni hauwezi kubaki mweupe. Kumdai mpangaji rangi mpya ya nyumba nzima kwa sababu ya moshi wa kona moja ni kutafuta njia ya kuila amana. Sote tunajua, na mwenye kudai anajua zaidi.

Dawa yake ni ndogo kuliko ugomvi wake. Siku ya kuingia, mzunguke nyumba ninyi wawili na shahidi mmoja, mwandike: vioo vingapi, vitasa vingapi, bomba linavuja au halivuji, ukuta una ufa wapi. Mpige picha kwa simu. Kiasi cha amana kiandikwe kwenye mkataba kwa tarakimu na kwa maneno, na kiandikwe kitarudishwa siku gani. Siku ya kutoka mzunguke tena na karatasi ileile. Nimewaona watu wenye digrii mbili wakitia sahihi mkataba wa nyumba usio na neno hata moja juu ya amana, kwa sababu "mzee ni mtu wa kanisa". Mtu wa kanisa naye husahau, na watoto wake wakirithi nyumba hawatakumbuka kabisa.

Liko pia suala la LUKU, ambalo wengi huliacha lipite. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia umeme. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida yenye mita, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo mfukoni mwake ndimo inamotoka. Mpangaji wa nyumba nzima aliyekaa mwaka mmoja kwa kiwango cha 1,500 amemlipia mwenye nyumba shilingi 18,000. Siku ya kupiga hesabu za kuondoka, wewe mwenye nyumba unayekumbuka kitasa, kumbuka na hiyo, kama hamkuipunguza kwenye kodi.

Nanyi wapangaji, sikusahau. Wapo wanaoacha bili ya maji ya miezi minne na kuondoka usiku. Wapo wanaosema "amana yangu iko kwake" na kwa sababu hiyo wanang'oa hadi soketi. Wapo wanaokataa kulipa kodi ya mwezi wa mwisho wakisema amana ifidie, kisha mwenye nyumba anafungua mlango na kukuta choo kimeziba na dari imeoza. Huyo naye amekula ng'ombe, tena kabla hajamkabidhi. Lakini nakiri sehemu ya tabia hiyo tumeifundisha sisi wenye nyumba. Mtu aliyedhulumiwa nyumba mbili zilizopita, ya tatu hangoji.

Wako wengine walioniuliza juu ya Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang vikapita Jorodom, Gendabi na mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba zilizoondoka siku ile zilikuwa na wenyewe, na nyingine zilikuwa na wapangaji waliolipa kodi ya miezi mbele na kuacha amana. Mwenye nyumba amepoteza nyumba, mpangaji amepoteza vyombo vyote, na fedha ile bado iko kwa mwenye nyumba, au ilikuwa ndani ya kabati lililochukuliwa na tope. Nani amlipe nani?

Nilipoulizwa sikuwa na jibu la haraka, na sikupenda kulitoa mbele ya watu waliokuwa bado wanazika. Lakini nimeendelea kulifikiri. Amana iliwekwa kwa ajili ya uharibifu ambao mpangaji angeufanya. Mlima haukuwa mpangaji. Kwa hiyo fedha ile ilibaki ya mpangaji hata kuta ziliposombwa, na mwenye nyumba anayesema "nyumba imekwenda na amana yako imekwenda nayo" anakosea hesabu. Hata hivyo kudai haki kwa mtu aliyesimama juu ya msingi mtupu kunahitaji moyo mwingine. Mpangaji anaweza kusema, "Mzee, kaa nayo kwanza, ujenge." Akisema hivyo, ametoa sadaka. Muhimu ni kwamba aliyeitoa ni yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, wala hakutolewa na mwingine.

Hapo ndipo wengi wetu hukosea tunapomtumia Mtakatifu Paulo. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 6, anawasikitikia Wakristo wanaoshtakiana, na anauliza kwa nini wasikubali kudhulumiwa. Neno hilo mtu aliyedhulumiwa anaweza kujiambia mwenyewe usiku akisali. Halikuandikwa ili mwenye kushika fedha amsomee anayedai. Kama unataka kumsomea mtu, endelea mbele aya moja tu: Paulo anawageukia wanaowadhulumu ndugu zao, na hapo hana upole.

Kwa anayedai, Bwana wetu ametupa njia katika Mathayo 18. Mwendee mkiwa wawili. Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili. Asiposikia tena, lipeleke kwa kanisa. Huku kwetu hatua hizo zinaeleweka vizuri: nenda mwenyewe, kisha nenda na mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, kisha jumuiya yenu ndogondogo. Na kama mambo yote yameshindikana, serikali ina milango yake. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo mkataba wako ndio ngao yako kubwa. Baraza la kata, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi, linapatanisha tu. Lakini kupatanishwa mbele ya watu wanaokujua kuna nguvu yake. Mwenye nyumba hapendi kuulizwa na jirani zake ngozi iko wapi.

Uingereza waliona ugomvi huu hauishi, na tangu Aprili 2007 mwenye nyumba katika England na Wales hawezi kukaa tu na amana mfukoni. Lazima iwekwe chini ya mpango ulioidhinishwa na serikali, na mkikosana yuko mtu wa tatu wa kuamua. Sisi hatujafika huko. Lakini hakuna sheria inayomkataza Mkristo mwenye nyumba kufungua akaunti ndogo ya amana na kutoigusa. Parokia nyingi zina vyumba na fremu za kupangisha. Ningependa zianze sisi kwa sisi, na kwamba mhasibu anaposoma hesabu mbele ya halmashauri, amana zisomwe kama deni. Mara nyingi zinasomwa kama mapato, na bati hununuliwa hapohapo.

Sasa yule mama. Ilinichukua miaka minne. Dawa ya deni ni kulipa, nami niliendelea kutafuta dawa nyingine: nilimwombea katika misa, nilisimulia habari yake kwa wenzangu kama mfano, nililaumu kamati. Siku moja katika Kwaresima nilikuwa natayarisha mahubiri juu ya Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne. Nilifika katikati ya ukurasa nikaweka kalamu chini. Nikampigia simu yule mtu aliyefanya kazi naye, nikapata namba.

Sikuthubutu kumpigia. Nilituma elfu themanini, nikaongeza kidogo, sitasema kiasi gani, lakini mara nne haikufika. Nikamwandikia ujumbe nikimwomba msamaha, nikataja bati na maneno niliyomwambia siku ile ofisini.

Jibu lilikuja baada ya saa tatu. Alisema amepokea, akanishukuru. Kisha akaniuliza kama tulikwisha kurekebisha bomba la jikoni, maana lilikuwa linavuja tangu siku alipoingia, na yule mpangaji aliyemfuata alikuwa na mtoto mchanga.

Hatukuwa tumelirekebisha. Nililituma fundi kesho yake asubuhi.